Diwani aliyehama na daftari letu anataka kurudi chamani. Wakuu, tumsamehe?

Karabai ya Mwaloni (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kwa kawaida nasoma tu na kupita, ila hili limenikaa kifuani wiki ya pili sasa na nahitaji mawazo yenu kabla ya kikao chetu cha Jumapili.

Mimi ni katibu wa tawi, kata moja huku Kanda ya Ziwa. Chama changu sitakitaja, kwa sababu jambo lenyewe liko kwenye vyama vyote na sitaki tuanze kuvuana nguo kwa rangi za bendera.

Mwaka 2015 tulipata diwani kwa mara ya kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992. Kura zilihesabiwa kwenye darasa la shule ya msingi, umeme ulikatika saa mbili usiku, mvuvi mmoja akakimbia kuleta karabai yake ya ziwani. Wakala wetu alikuwa mama muuza dagaa, mjamzito wa miezi saba. Alikaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili tangu asubuhi kabla kituo hakijafunguliwa mpaka saa nane usiku. Alikataa kusaini fomu ya matokeo mpaka kura zirudiwe kuhesabiwa, na ziliporudiwa tukashinda. Tofauti haikufika kura mia. Nilimwona kwa macho yangu akitoka pale mlangoni ameshika kiuno, miguu imevimba, anacheka.

Mapema 2018 diwani huyo aliita waandishi wa habari akatangaza kujiuzulu na kuhamia upande wa pili, kwa yale maneno mnayoyajua wote, kwamba anaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Asubuhi ile wananchi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wanamsubiri kwenye kikao cha kisima. Walipata habari redioni.

Kuhama peke yake nisingelia nako. Kinachoniuma ni daftari. Tulikuwa na kaunta buku la kwaya tatu, mbele majina ya wanachama na ada zao, kurasa za nyuma watu kumi na mmoja waliokuwa wanatuchangia kimya kimya: mwenye mashine ya kusaga, mwenye duka la nyavu, mwalimu, fundi cherehani. Mwingine alitoa elfu tano, mwingine debe la mahindi. Diwani aliliazima daftari lile wiki moja kabla hajahama, akaniambia anataka kupanga ziara ya kushukuru. Hatukuliona tena. Haukupita mwezi wale kumi na mmoja wakaanza kupigiwa simu moja baada ya nyingine na kuambiwa "kumbe na wewe". Mwenye mashine alinijia usiku, hakukaa, akasema "Katibu, nifute." Sikuwa hata na karatasi ya kumfutia.

Sasa amerudi. Kule alikokwenda walimtumia wakamwacha. Alibisha hodi kwangu saa tatu usiku na sukari kilo mbili, akasema amechoka kukaa ugenini. Wilaya wameshamkubalia: atapokelewa jukwaani na kiongozi wa juu, atavishwa skafu na kupewa kadi. Sisi wa tawi tumeagizwa tulete watu wa kushangilia.

Msimamo wangu ni huu, mnirekebishe kama nimepotoka. Kusamehe ni sawa. Ila asiyekosewa hana msamaha wa kutoa. Huyu mtu hakumkosea kiongozi wa juu. Alimkosea yule mama wa dagaa na wale kumi na mmoja wa kurasa za nyuma. Kwa nini anaombea msamaha huko juu?

---

Kinyago cha Mpingo

Asirudi. Mimi nililala polisi usiku wa uchaguzi mdogo kwa ajili ya kiti ambacho mwenyewe alikitupa. Mtu anayeweza kukuuza mara moja bei yako anaijua tayari. Mkimpa kadi, mfungieni na kabati la nyaraka.

---

Mzee Shina Namba Saba

Katibu, mwanangu, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuzitoa. Mimi ni mwana-CCM tangu kuzaliwa kwa chama, tarehe 5 Februari 1977, na kabla ya hapo nilikuwa TANU. Nitakwambia ninachokijua cha chama changu, uchukue kinachokufaa.

Chama ni kama nyumba yenye watoto wengi. Mtoto akikunyea mkononi, utaukata mkono? Mwaka 2015 Kamati Kuu yetu ilipokata jina la mzee Lowassa, waziri mkuu wa zamani, kwenye mbio za urais kule Dodoma, wajumbe watatu walitoka hadharani kujitenga na uamuzi ule: Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa. Kwa taratibu zetu hilo ni kosa kubwa. Machi 2017 Halmashauri Kuu ikakaa. Mama Simba akafukuzwa, Kimbisa akasamehewa, Nchimbi akapewa onyo kali. Kikao hichohicho kikamfukuza Jesca Msambatavangu aliyekuwa mwenyekiti wa mkoa wa Iringa.

Tazama sasa. Mama Simba alisamehewa, akarudishiwa uanachama. Msambatavangu akarudi, 2020 akawa mbunge wa Iringa Mjini. Mzee Kinana alipewa karipio Februari 2020, miaka miwili baadaye akawa Makamu Mwenyekiti wa chama Bara. Na Nchimbi wa onyo kali akawa Katibu Mkuu Januari 2024, leo ni Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Marehemu Membe alifukuzwa kikao kilekile kilichomkaripia Kinana. Akaenda chama cha ACT-Wazalendo, akagombea urais dhidi yetu, na 2022 tukampokea. Mwaka uliofuata alipofariki tulimzika akiwa wetu. Chama kisichojua kusamehe hakifiki umri huu. Mpokeeni huyo kijana, muwekeni mahali mnapomwona.

---

Karabai ya Mwaloni

Mzee wangu, shikamoo, na uniwie radhi kwa kuchelewa kuitoa.

Umenifundisha, sikatai. Ila naomba nikuulize kwa heshima. Hao wote uliowataja ni wakubwa. Lowassa mwenyewe, Julai 2015 alihamia CHADEMA, akapata kura zaidi ya milioni sita dhidi ya chama chake cha zamani. Tarehe 1 Machi 2019 akarejea CCM pale Lumumba, ofisi yao ya Dar es Salaam, akapokelewa na Mwenyekiti, akasema amerudi nyumbani. Vizuri. Je, wale mabalozi wa nyumba kumi na makatibu wa matawi waliomfuata 2015, wakapokonywa mihuri na kuitwa wasaliti mbele ya majirani zao, nani aliwaita Lumumba? Kuna aliyewapigia hata simu?

Na Septemba 2019, Nape Nnauye, mbunge wa CCM, alipokwenda kumwomba radhi Rais Magufuli, alikwenda Ikulu, mbele ya kamera. Mwenye kukosewa alikuwa mmoja na mwenye kusamehe mmoja. Hapo sina neno, wamemalizana wenyewe. Wangu mimi kawakosea watu wa mwaloni, huku ufukweni.

---

Mzee Shina Namba Saba

Hapo umenigusa. Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa balozi, alimfuata Lowassa, akavuliwa ubalozi. Lowassa aliporudi, yeye alibaki na jina la usaliti mpaka leo hii. Hanywi chai na wenzake pale kijiweni. Sikuwahi kulifikiria kwa namna hiyo uliyoliweka wewe. Ngoja nilitafakari.

---

Dada wa Mlimani

Mimi ni CHADEMA, nasema wazi, na nitasema lile ambalo wenzangu wengi hawapendi kulisikia.

Tarehe 24 Novemba 2020 wanawake kumi na tisa wakiongozwa na Halima Mdee waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu kwenye viwanja vya Bunge Dodoma, huku chama kikisema hakikupeleka jina la mtu. Tarehe 27 Kamati Kuu ikawavua uanachama. Wakakata rufaa, na Mei 2022 Baraza Kuu pale Mlimani City likaikataa kwa kura nyingi mno. Wao wakaenda mahakamani, wakaendelea kukaa bungeni mpaka Bunge lilipovunjwa 2025.

Nilipomwona Halima akiapa nililia. Huyu dada ndiye aliyenifanya niingie siasa. Nilikuwa mwanafunzi, nikamsikia akiongea Kawe, nikasema kumbe mwanamke anaweza kusimama hivi. Kwa hiyo mtu akiniambia "wasameheni, ni dada zenu", namjibu kwamba ni dada zangu ndiyo maana inauma. Uchaguzi ule watu walitekwa, watu waliumia, jimbo tulilopata ni moja tu, Nkasi Kaskazini. Chama kikasema hatuyatambui matokeo. Halafu wao wakayatambua kwa mkono wa kiapo.

Lakini lazima niwe mkweli. Sisi hawahawa mwaka 2007 tulisimama Mwembeyanga, Katibu Mkuu wetu Dk. Slaa akasoma orodha ya mafisadi, na jina la Lowassa lilikuwemo. Miaka minane baadaye tukampa tiketi ya urais. Nani alimsamehe? Tawi lipi liliulizwa? Dk. Slaa mwenyewe aliondoka kwa sababu hiyo. Tuliwaambia wanachama nyamazeni, mtaelewa mbele ya safari. Niligawa vipeperushi vyake kwa mikono hii na sikuelewa, nilitii tu.

Mleta mada amenionyesha kitu. Lowassa tulimsamehe kwa sababu alikuja na kura. Wale kumi na tisa hatukuwasamehe kwa sababu walikwenda bila chochote cha kuturudishia. Huo si msamaha, ni biashara. Na mimi nilikuwa dukani.

---

Bint Mkwajuni

Assalaam alaykum. Nasoma kutoka Unguja, na naona watu wa Bara mnazungumza kama vile kurudi daima ni kheri. Sie tuna kisa cha kurudi kilichovunja nyumba nzima.

Agosti 2015, uchaguzi uko mlangoni, Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, akasema dhamiri yake haimruhusu kukaa na Lowassa katika UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani. Watu tulimheshimu, mtu kaondoka kwa msimamo. Maalim Seif, Katibu Mkuu wetu, akabeba mzigo peke yake, na uchaguzi wetu wa Zanzibar mnajua ulivyofutwa. Mwezi wa Juni 2016 Profesa akaandika barua kuwa anafuta kujiuzulu kwake. Hakuuliza mtu. Mkutano Mkuu ukaitishwa Agosti pale Ubungo Plaza, ukaishia kwenye vurugu. Baadae Msajili wa Vyama akamtambua yeye. Chama kikawa na vichwa viwili.

Tuliteseka miaka mitatu. Tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwa upande wake, na siku ile ile Maalim akasema "shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee". Tukahamia ACT. Mie na mama yangu tulipaka rangi upya barza la tawi letu kwa mikono yetu, buluu na nyeupe na nyekundu ya CUF ikafunikwa na zambarau. Mama alikuwa analia, brashi iko mkononi. Miaka ishirini na saba ya maisha yake ilikuwa kwenye rangi ile.

Na Maalim mwenyewe, msisahau, CCM ilimfukuza mwaka 1988, baadae akawekwa ndani. Hakurudi kuomba kadi. Alirudi kama mshirika, Makamu wa Kwanza wa Rais, mwaka 2010 na tena 2020, hadi Mungu alipomchukua Februari 2021. Alisamehe serikali iliyomfunga bila ya kurudi kwenye chama kilichomfukuza. Kumsamehe mtu ni jambo moja, kumrudishia ufunguo wa nyumba ni jambo jengine. Mleta mada, diwani wako anataka lipi?

---

Karabai ya Mwaloni

Dada, swali lako nitamfikishia kama lilivyo. Alipokuja kwangu alisema "nipokeeni". Sikumsikia akisema "nisameheni". Nimeligundua sasa hivi baada ya kukusoma.

---

Wakili wa Kujitegemea

Naona wote mnamhukumu mtu, hakuna anayeuangalia mlango.

Katiba yetu, ibara ya 71(1)(e), inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwisha. Na ibara ya 67 inataka lazima mgombea awe mwanachama na apendekezwe na chama. Maana yake kiti ni cha chama, si cha mtu wala cha wapiga kura. Mtu akikosana na viongozi wake ana njia mbili tu: anyamaze, au akahamie kwa wapinzani wake. Hakuna kusimama katikati.

Marehemu Mchungaji Mtikila alipigania mgombea binafsi zaidi ya miaka ishirini. Alishinda Mahakama Kuu, Bunge likabadili Katiba kuziba njia. Akarudi, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, liende bungeni. Akaenda Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania inakiuka haki yake. Alifariki 2015 katika ajali ya gari kabla hajaiona njia hiyo ikifunguliwa.

Kungekuwa na mgombea binafsi, diwani wenu angeweza kuondoka chamani akabaki na udiwani wake, akarudi kwa wananchi kuulizwa. Uaminifu unaolindwa kwa tishio la kupoteza kiti ni woga tu. Tangu 2017 tuliona wabunge wa upinzani wanajiuzulu, wanahama, na wengine wanarudi kugombea jimbo lilelile kwa bendera nyingine: Mtulia Kinondoni, Dk. Mollel Siha, Kalanga Monduli, Waitara Ukonga. Novemba 2017 kata 43 zilirudia uchaguzi, CCM ikachukua 42. Fedha za umma zikamwagwa kwa sababu ya mlango mmoja uliofungwa.

Simtetei kwa habari ya daftari. Hilo ni la kwake, halina ibara.

---

Kinyago cha Mpingo

Wakili, umesema kweli, lakini Kinondoni usiitaje haraka hivyo. Siku moja kabla ya uchaguzi ule wa marudio, tarehe 16 Februari 2018, mwanafunzi Akwilina alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala. Hakuwa mwanachama wa yeyote. Kila mtu akihama na kuitisha uchaguzi mdogo kuna watu barabarani wanaokutana na kisichowahusu. Waliohama wangejua kwamba hilo nalo liko kwenye daftari.

---

Mkwale wa Msambweni

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni Mkenya, wa Kwale, naomba nichangie la kwetu Pwani.

Wabunge wetu wawili wa ODM, Aisha Jumwa wa Malindi na marehemu Suleiman Dori wa Msambweni, walishtakiwa kosa moja: kumuunga mkono Ruto, wakati ule naibu wa rais, ilhali wako chama cha Raila. Dori akaandika barua ya kuomba msamaha. Jumwa akasema haombi. Mwaka 2019 Dori akasamehewa, Jumwa akafukuzwa. Kosa moja, hukumu mbili, tofauti ni karatasi. Jumwa lakini aliendelea kukaa bungeni mpaka 2022, kwa hivyo hata kufukuzwa kwenyewe kulikuwa kwa mdomo tu.

Sikilizeni mwisho wake. 2022 Jumwa akagombea ugavana wa Kilifi kwa UDA, chama cha Ruto. Akashindwa na Gideon Mung'aro wa ODM. Na Mung'aro ni nani? Ni yule aliyekuwa ODM, akahamia Jubilee ya Uhuru Kenyatta, akagombea ugavana 2017 kwa Jubilee akaanguka, kisha akarudi ODM na kupewa tiketi. Yaani mtoro aliyerudi alimshinda mtoro aliyefukuzwa, na bendera iliyoshinda ni ileile ya ODM.

Sisi wapiga kura wa Pwani hakuna aliyetuuliza popote hapo. Barua ya Dori ilikwenda Nairobi. Mimi nilimpigia kura Dori na nilimpenda, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa watu. Ila ile barua ningetaka niione ikisomwa hapa kwetu, chini ya mwembe wa soko, kwa Kidigo.

---

Nilihama 2018

Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya mada hii. Mimi ni mmoja wa waliohama. Si diwani wenu, niko mkoa mwingine, lakini kazi ilikuwa ileile.

Nitaeleza kilichotokea bila kujitetea. Nilishinda udiwani 2015 kwa mkopo. Niliuza ng'ombe wanne, nikakopa kwa mtu milioni mbili kwa riba. Posho ya vikao unaijua. Mwaka 2017 mwanangu alilazwa wiki sita. Katika wiki sita zile viongozi wa chama changu walinipigia simu mara moja, wakiulizia mchango wa mkutano. Upande wa pili walikuja wodini. Walileta matunda, wakalipa deni la dawa, hawakusema kitu. Walisema mwezi uliofuata.

Nilijiambia nahama kwa ajili ya maendeleo ya kata, na nilirudia maneno hayo mpaka nikayaamini. Usiku wa kuamkia kutangaza sikulala. Mke wangu aliniuliza jambo moja tu: "Utampitaje mzee wa duka la kona?" Yule mzee alikuwa ananipa sabuni na mafuta kwa mkopo wakati wote wa kampeni, hakuwahi kudai. Tangu siku ile nilianza kuzunguka njia ya nyuma kwenda nyumbani kwangu. Miaka mingi sasa napita njia ya nyuma.

Jukwaani ni rahisi, wakuu. Nimepita kwenye jukwaa moja la kupokelewa, najua. Muziki unapigwa, unavishwa skafu, unasema maneno matatu, imekwisha. Watu hawaoni macho yako. Kigumu ni duka la kona.

Katibu, kama huyo mtu anataka kurudi kweli, mwambieni awapitie wale kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa miguu, mchana. Asipoweza, mjue anataka udiwani. Akiweza, hata msipompa kadi atakuwa amerudi.

Mimi bado sijaweza.

---

Dada wa Mlimani

Kaka, nenda dukani. Sabuni ni kisingizio kizuri tu cha kuingilia.

---

Mzee Shina Namba Saba

Nimetafakari. Leo asubuhi nimemfuata mdogo wangu nyumbani kwake, tumekunywa chai. Nimemwambia kwamba nilipokuwa mjumbe wa kikao kilichomvua ubalozi, nilinyoosha mkono. Alikuwa hajui. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza hali ya goti langu. Ndivyo ilivyokuwa, sina cha kuongeza.

---

Karabai ya Mwaloni

Wakuu, narudi na mrejesho wa Jumapili.

Tulikaa chini ya mwembe, wanachama hamsini na kitu. Alikuja peke yake kwa bodaboda, amevaa shati la kawaida. Nilimpa nafasi ya kuongea. Akaanza na mambo ya umoja na mshikamano, akaongea kama dakika tano hivi. Mama wa dagaa akanyoosha mkono. Yule mtoto aliyekuwa tumboni 2015 sasa ni mkubwa, alikuwa amekaa pembeni yake anachezea kamba ya ndoo. Mama hakuuliza kuhusu chama, hakuuliza kuhusu kuhama. Aliuliza: "Daftari liko wapi?"

Alinyamaza. Kisha diwani akaenda kwenye bodaboda, akarudi na mfuko mweusi wa rambo. Daftari lilikuwa ndani. Alikuja nalo, akawa hajaamua kama atalitoa. Nililipokea nikalifungua: majina ya mbele yapo, mwandiko wangu upo, hata doa la chai ya siku ya uzinduzi lipo. Kurasa za nyuma zimechanwa.

Akasema alizitoa mwenyewe, kwa mkono wake, na akamtaja mbele yetu aliyempa. Alisema hakulipwa kwa hizo kurasa, aliombwa kama uthibitisho kwamba amekuja kweli. Sauti ilikuwa imemkauka. Nilimuuliza lile swali la dada wa Unguja, anataka msamaha au anataka ufunguo. Akasema alikuja kwa ajili ya ufunguo.

Watu walipiga kelele, wengine walitaka afukuzwe palepale. Ndipo nikasoma kwa sauti maneno ya mwenzetu aliyehama, yale ya njia ya nyuma, bila kusema nimeyatoa wapi. Pakawa kimya.

Hatukupiga kura. Tulikubaliana kwamba suala lake halitajadiliwa mpaka awe amewapitia wote kumi na mmoja, na mama wa dagaa awe shahidi wa kila nyumba. Wilaya tumewaandikia barua kwamba tawi halitapeleka watu kwenye mapokezi. Wamekasirika, wameniita msumbufu, na nadhani uchaguzi ujao wa ndani nitapumzishwa. Sawa.

Tangu Jumatatu amepita nyumba nne. Fundi cherehani alimpa kiti na maji. Mwalimu alimsikiliza amesimama, akasema "nimesikia", akaingia ndani. Mwenye duka la nyavu alimtukana mpaka akachoka, halafu akamuuliza watoto wake wako darasa la ngapi. Mmoja alikwishafariki, wakaongea na mjane.

Jana jioni walikwenda kwa mwenye mashine. Geti halikufunguliwa. Walisimama pale nje karibu saa nzima, na wanaosaga walikuwa wanapita na ndoo zao wanawaangalia. Amemwambia mama wa dagaa kwamba watarudi Alhamisi. Ni siku ya gulio, mwenye mashine lazima awepo.